Tani milioni 1.5 za Norwe ni uwezo wa kuhifadhi

Je, zile tani milioni 1.5 za hewa ukaa zinazotajwa kwa Norwe ndizo nchi hiyo inazonasa viwandani kila mwaka? Hapana, si hewa ukaa ambayo Norwe yenyewe inanasa. Tani milioni 1.5 kwa mwaka ni kiasi ambacho awamu ya kwanza ya Northern Lights, mradi wa Norwe wa kuhifadhi hewa ukaa chini ya bahari, inaweza kupokea kwa meli na kukisukuma ndani ya mwamba, mita 2,600 hivi chini ya sakafu ya bahari. Kiwanda cha saruji cha Brevik, nchini Norwe, kinanasa takriban tani 400,000 tu. Nafasi nyingine inauzwa nje, mfano kwa kiwanda cha mbolea cha Yara kule Sluiskil, Uholanzi, na tani zake huhesabiwa kwenye punguzo la hewa chafu la Uholanzi.

Ukipima mpango wa nchi yoyote tenganisha kinachonaswa, kinachoweza kusukumwa kwa mwaka, na ujazo wa mwamba wote. Hicho cha kati ndicho huwaangusha wengi. Kwenye mradi wa gesi wa Snøhvit, hukohuko Norwe, walianza kusukuma hewa ukaa 2008 kwenye tabaka la mwamba liitwalo Tubåen. Mwamba ulikuwa umekatikakatika, maji yaliyomo hayakupata pa kwenda, mgandamizo ukapanda haraka, na 2011 ikabidi wahamie tabaka la Stø.