Usibomoe ukuta, zipime kwanza kebo za zamani

Ndugu, umeuliza kama kebo za RG59 (kebo za koaksia, za mviringo kama za antena ya TV) zilizofukiwa kwenye kuta za nyumba yako ya wageni, zilizokuwa za kamera 8 za analogi, zinaweza kutumika kwa kamera za IP, zinazotuma picha kama data ya mtandao. Zinaweza, na tafadhali usimruhusu fundi atindue plasta kabla hamjazipima.

Unahitaji adapta za kupitisha Etaneti (data ya mtandao wa waya) kwenye koaksia. Hufanya kazi kwa jozi: moja kwenye kamera, nyingine upande wa swichi ya mtandao, kifaa kinachounganisha kamera zote. Chagua zinazopitisha na umeme wa PoE (umeme wa kamera unaopita kwenye kebo ileile ya data), usije ukavuta waya mwingine. Balun za picha ya analogi, vile viunganishi vidogo vya kamera za zamani, hazifai hapa.

Shida kubwa huwa kebo yenyewe. Nyingi za bei nafuu zina kiini cha chuma kilichopakwa shaba. Menya ncha, sogeza sumaku. Ikinasa, ni chuma. Data itapita, lakini umeme mwingi hupotea njiani, na kamera inaweza kuzimika usiku taa zake za infraredi zinapowaka. Kamera hiyo iwekee adapta ya umeme karibu nayo. Tafuta pia viungo vilivyosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa selotepu. Kata, funga BNC (viunganishi vya ncha za koaksia) mpya za kubana. Mimi ningeanza na hilo hata kabla ya kununua chochote.

Cat6, kebo ya kawaida ya mtandao, huishia mita 100. Koaksia nzuri yenye adapta huvuka hapo. DVR (kinasa picha) ya analogi ibadilishe kwa NVR, kinasa picha cha kamera za IP. Palipo na njia fupi iliyo wazi, vuta Cat6 tu.