Koili ya Kusuka kwa Mkono: Hesabu Huanzia Kwenye Betri

Watu wanaotaka kujifunza kusuka koili za sigara ya kielektroniki, ambayo wengi wetu tumezoea kuiita vepu, karibu wote huanza na swali lilelile: nitumie waya gani na niuzungushe mara ngapi ili nipate mvuke mwingi? Koili ni huo waya uliozungushwa, ambao hupata moto na kuigeuza juisi, yaani kimiminika cha vepu kilicholowa kwenye pamba, kuwa mvuke. Kwa miaka niliyoishi na burudani hii hapa Uingereza, nimefikia msimamo kwamba swali hilo linapaswa kuwa la mwisho. La kwanza ni betri uliyo nayo mkononi inaweza kutoa ampea ngapi bila kupata moto kupita kiasi. Ukilijibu hilo kwa uhakika, ukinzani wa koili, unene wa waya na kiasi cha pamba hupangika vyenyewe chini yake, na kazi iliyobaki huwa ya mikono na subira.

Naandika kwa watu wazima waliokwisha kuvuta sigara na kuhamia kwenye vepu, na ambao sasa wanapenda kuelewa kinachotokea ndani ya kifaa wanachokitumia. Ambaye hajawahi kuvuta tumbaku hana sababu ya kuanza, na vijana chini ya miaka 18 hawahusiki kabisa. Taasisi ya madaktari ya Royal College of Physicians ya London iliandika mwaka 2016 kwamba madhara ya muda mrefu ya mvuke huu huenda yasizidi asilimia 5 ya madhara ya moshi wa tumbaku. Nayaheshimu maneno hayo, lakini nayasoma yote: yanalinganisha mvuke na sigara, wala hayaulinganishi na hewa safi.

Turudi kwenye betri. Inayotumika zaidi ni ile iitwayo 18650, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Ikijaa hufikia volti 4.2. Kwenye kifaa cha kimakanika, yaani kile kisicho na saketi ya kudhibiti umeme, hesabu ni ya kanuni ya Ohm tuliyofundishwa shuleni: gawanya volti kwa omu, ambayo ni kipimo cha ukinzani, utapata ampea. Koili ya omu 0.5 itavuta ampea 8.4, na nguvu yake itakuwa takribani wati 35. Ukishusha ukinzani hadi omu 0.2, ampea zinapanda hadi 21. Betri ya Samsung 25R imeidhinishwa na mtengenezaji kwa ampea 20 mfululizo, na Samsung 30Q kwa ampea 15. Maana yake ni kwamba koili hiyo ya omu 0.2, ambayo wengi huiona ya kawaida, imekwisha kuvuka mpaka wa betri zote mbili. Mimi hujiwekea nafasi ya usalama na kutozidi theluthi mbili ya ampea zilizoidhinishwa, kwa sababu betri huchakaa, na ikichakaa uwezo wake si ule ulioandikwa kwenye karatasi ya kiwanda.

Kwenye kifaa chenye saketi hesabu hubadilika, na hapa ndipo hata watu wenye uzoefu huchanganyikiwa. Saketi hupandisha au kushusha volti kabla ya umeme kufika kwenye koili, kwa hiyo betri haiuoni ukinzani wa koili yako moja kwa moja; kinachoiumiza ni wati ulizochagua. Chukua wati, gawanya kwa volti za betri ikiwa karibu kuisha, tuseme 3.2, kisha gawanya tena kwa 0.9 ili kufidia umeme unaopotea ndani ya saketi. Wati 40 kwenye betri moja zinakuwa karibu ampea 14. Wati 60 zinakuwa karibu 21. Tambua kwamba mzigo huwa mkubwa zaidi betri inapoishiwa kuliko inapokuwa imejaa, kwani volti zikipungua saketi hulazimika kuvuta ampea zaidi ili kutimiza wati zilezile. Kwa kifaa cha betri mbili kila moja hubeba nusu ya wati, na betri hizo zinunuliwe pamoja, zichajiwe pamoja na zitumike pamoja mpaka mwisho wao.

Unaponunua, soma ampea kwanza na usidanganywe na namba kubwa ya uwezo. Zipo betri za 18650 zinazouzwa zikiwa na maandishi ya 9900 mAh, kipimo cha umeme unaohifadhiwa na betri. Betri halisi za umbo hilo hazifiki hata nusu ya namba hiyo, na anayesema uongo kwenye namba moja hawezi kuaminiwa kwenye nyingine. Nunua kwa muuzaji anayejulikana kwa betri, hata kama bei yake ni ya juu kidogo.

Kisha uitunze. Mwili wote wa chuma wa betri ya 18650 ni upande hasi, na unatenganishwa na ncha chanya ya juu na plastiki nyembamba tu pamoja na pete ndogo ya karatasi. Plastiki hiyo ikichubuka, usiendelee kuitumia hata siku moja. Ngozi mpya ya plastiki hugharimu kidogo na huvalishwa kwa hewa ya moto ya mashine ya kukaushia nywele. Usiweke betri isiyo na kasha mfukoni pamoja na funguo au sarafu, kwa sababu shoti inayotokea hapo humchoma mtu paja kabla hajapata nafasi ya kuitoa. Kasha la plastiki la kubebea linatosha kuzuia hayo yote. Chajia juu ya sehemu ngumu isiyoshika moto, ukiwa macho, wala si kitandani usiku.

Kuhusu vifaa vya kimakanika nina neno zito zaidi. Navipenda kwa uzuri wa kazi ya chuma chake, lakini simshauri anayeanza kuvigusa. Mwezi Mei 2018, huko St. Petersburg katika jimbo la Florida, mtu mmoja alifariki baada ya kifaa chake kulipuka, na mwezi Januari 2019 mwingine akafariki huko Fort Worth, Texas. Kifaa cha aina hii hakina kitu cha kusimamisha umeme pale koili inapogusa chuma kisichotakiwa. Vingine vimetengenezwa hivi kwamba pini ya katikati ya atomaiza, yaani sehemu ya juu inayobeba koili na juisi, inakaa moja kwa moja juu ya betri. Pini hiyo isipojitokeza vya kutosha, ukingo wa nje wa atomaiza hugusa betri na kuleta shoti kamili. Anayeng'ang'ania kukitumia ahakikishe kina matundu ya kupumulia gesi, kitufe kinachofungika, na asiwahi kukibonyeza bila kupima koili kwa kipimo cha omu.

Sasa tufike kwenye kusuka. Vifaa si vingi: bisibisi ndogo, mkasi wa kukatia waya karibu na skrubu, kibano chenye ncha za kauri, kijiti cha chuma cha milimita 3 cha kuzungushia, na kipimo cha omu. Kwa koili ya kwanza nashauri waya wa Kanthal A1, ambao ni mchanganyiko wa chuma, kromiamu na aluminiamu, wenye unene wa milimita 0.4. Uzungushe mara saba juu ya kijiti hicho, ukiuvuta kwa nguvu moja tangu mwanzo hadi mwisho, na baada ya kuhesabu miguu miwili inayoingia kwenye skrubu utapata ukinzani wa karibu omu 1. Ukifunga koili mbili za namna hiyo sambamba, ukinzani unashuka hadi nusu. Waya wa nikromu wa unene huohuo utakupa takribani robo tatu ya ukinzani wa Kanthal, na hupata moto haraka zaidi. Wanaotaka kutumia udhibiti wa joto wachague chuma cha pua cha 316L, kwani ukinzani wake hupanda joto linapopanda na saketi huweza kulisoma badiliko hilo. Kanthal haibadiliki vya kutosha. Waya wa titani nauacha, kwa sababu ukiachwa uwake mwekundu huota oksidi ambayo sitaki kuivuta kifuani.

Koili ikishafungwa, iweke katikati ya tundu la hewa bila kugusa ukuta, pima omu, kisha bonyeza kitufe kidogokidogo kwa wati 10 hadi 15. Inapaswa kuanza kung'aa katikati na mwanga kutambaa kwenda pembeni. Miguu ikitangulia kuwaka, au mzunguko mmoja ukiwaka peke yake, achia kitufe, ikwaruze taratibu kwa kibano cha kauri, kisha ibane ili mizunguko ikaribiane. Rudia bila haraka. Hatua hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayotenganisha koili yenye ladha safi na ile inayokera koo.

Pamba ndiyo inayoharibu kazi za wengi. Wanaijaza kwa kudhani kwamba pamba nyingi hubeba juisi nyingi, kumbe iliyobanwa haipitishi kitu. Ipitishe ndani ya koili ikiwa inakwama kidogo tu, kiasi kwamba koili haipindi unapoivuta; kata ncha, zichambue ziwe nyepesi, halafu zilaze ziguse sakafu ya kisima cha juisi bila kushindiliwa. Ilowanishe yote kabla ya kubonyeza. Juisi hutengenezwa hasa kwa propilini glaikoli na gliserini; ya kwanza huchemka kwenye nyuzi 188 za Selsiasi na ya pili kwenye nyuzi 290, na maadamu pamba imelowa, uchemkaji huo ndio unaolizuia joto la koili lisipande ovyo. Pamba ikikauka, joto hupanda ghafla, pamba huungua, na mabaki ya juisi huvunjika kuwa kemikali kali kama fomaldehaidi. Ukionja ukali wa kuungua, acha hapohapo na ubadilishe pamba. Kwa koili kubwa juisi yenye gliserini asilimia 70 huenda vizuri. Kwa koili ndogo ya omu 1 nusu kwa nusu hupita kwa urahisi zaidi.

Kamwe usiongeze mafuta kwenye juisi, yawe ya karafuu, ya mnanaa au mengine yoyote. Mapafu hayawezi kuyatoa kwa urahisi. Mwaka 2019 Marekani ilikumbwa na wimbi la ugonjwa wa mapafu, na kufikia Februari 2020 taarifa rasmi zilitaja wagonjwa 2,807 na vifo 68; kilichohusishwa zaidi ni asetati ya vitamini E iliyotiwa kwenye juisi za bangi za kichochoroni. Nikotini nayo ni sumu ikinywewa au ikimwagika kwenye ngozi kwa wingi, kwa hiyo chupa zikae juu na kufungwa, mbali na watoto. Hapa Uingereza sheria inaweka kikomo cha miligramu 20 za nikotini kwa kila mililita, chupa ya mililita 10 na tanki la mililita 2. Anayesuka koili zenye mvuke mwingi anahitaji nikotini ya kiwango cha chini zaidi, hata miligramu 3 kwa mililita, maana kila pumzi hubeba juisi nyingi.

Wenzangu wanaosafiri kwenda kuwaona ndugu waangalie sheria kabla ya kufunga mizigo. Uganda ilipiga marufuku bidhaa hizi kwa sheria yake ya tumbaku ya mwaka 2015, na Oman nayo imezikataza, ilhali Falme za Kiarabu ziliruhusu kuziuza tangu mwaka 2019 kwa masharti. Kwenye ndege, kifaa na betri za ziada huingia na abiria kwenye mkoba wa mkononi na haziruhusiwi kwenye sanduku linalokwenda chini. Kila betri iwe ndani ya kasha lake, na atomaiza iondolewe juisi, kwa sababu mgandamizo wa hewa ukishuka angani tanki lililojaa huvuja.