Kipande changu cha kimondo cha Sericho, na kutu iliyonifundisha

Ndugu uliyeuliza kama inafaa kununua kipande cha kimondo kilichong'arishwa chenye vito vya kijani: inafaa, ila kabla ya kuuliza bei, uliza kimekingwaje dhidi ya kutu.

Vimondo hivyo huitwa palasaiti, kwa jina la Peter Simon Pallas, aliyekieleza kile cha Krasnojarsk, Urusi, katika karne ya 18. Ni chuma chenye nikeli kilichoshikilia fuwele za olivini, madini ambayo yakiwa safi masonara huyaita peridoti. Changu kinatoka Sericho, kaskazini mwa Kenya, ambako mwaka 2016 ndugu wawili waliokuwa wakitafuta ngamia wao waliyatilia shaka mawe mazito yaliyokuwa katika eneo lisilo na mawe mengine.

Nilikinunua nikiishi Nairobi. Kina unene wa milimita tatu tu, na ukikiinua mbele ya taa fuwele huwaka rangi ya asali iliyochanganyika na kijani. Nilipohamia Mombasa, haikupita miezi minne kabla sijaona vitone vya kahawia, mfano wa jasho, pale chuma kinapokutana na fuwele. Kwa ujinga wangu nikakiosha kwa maji ya bomba. Fuwele moja, kubwa kama punje ya mbaazi, ikabaki kwenye kitambaa.

Kloridi, yaani chumvi zinazoingia kutoka ardhini, hujificha kwenye nyufa, na zikipata unyevu huanza kukila chuma upya, hata kama uso wake unang'aa kama kioo. Nilikiloweka katika alkoholi safi, nikiibadilisha kila ilipogeuka rangi, nikakikausha chini ya taa, nikakisugua kwa msasa namba 400 hadi 2000 nikitumia alkoholi badala ya maji, kisha nikakipaka mafuta ya cherehani. Sasa kinakaa katika kopo lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyowekwa ndani ya maboksi ya viatu.

Ukitaka kujua kama kipande ni halisi, sumaku pekee isikuridhishe, kwa sababu hunasa chuma chochote. Tazama fuwele kwa lenzi, na ukiona viputo vya mviringo ndani yake, hicho ni kioo. Dai pia picha ya ukingo na ya upande wa nyuma, kwani kutu huanzia huko. Kati ya palasaiti nyingine, Esquel ya Argentina inasifika kwa uimara, na bei yake inalingana na sifa hiyo. Brahin ya Belarusi, kwa anayeishi pwani, mimi singeigusa, kwa hofu ya kutu.