USIVUE hivyo viatu vya chuma, dada (jibu kwa mama wa mtoto wa miezi saba)

Dada, usivue. Shika hilo kwanza, mengine baadaye.

Nimeukuta uzi wako nikiwa nakanda unga wa chapati, nimeuacha unga hivyo hivyo. Umesema mwanao ana miezi saba, alizaliwa na nyayo za kupinda, yaani mguu kifundo, miguu yote miwili, plasta zimeisha, mshipa wa kisigino wameshaukata, ile miezi mitatu ya kuvaa viatu mchana na usiku imepita na sasa ni vya kulalia tu. Shida ni kwamba halali. Analia, nyumba nzima macho, mama mkwe kanuna, na kuna "mtaalamu" jirani yako kakwambia miguu si imeshanyooka, mvue mtoto apumzike. Ukauliza kama ni sawa, kama fundi viatu wa mtaani anaweza kukushonea vingine kwa bei poa maana hivi vinaanza kubana, kama mimba ijayo nayo itakuja hivyo, na mambo ya bima. Ya mimba na bima siku nyingine, leo nijibu ya viatu. Ila nimeona hapo juu wadau wanakwambia "fuata moyo wa mama". Moyo wa mama! Moyo wangu mimi wa mama ndio uliompeleka mwanangu kwenye kisu.

Wangu alizaliwa na mguu mmoja, wa kulia, umegeukia ndani kabisa, unyayo unatazama juu. Wodini kila mtu alikuwa na neno. Shangazi wa mume akaniuliza kwa upole eti nilipokuwa mjamzito sikuwahi kumcheka mlemavu? Mwingine akanipa "kabla hujafa hujaumbika", akadhani kanifariji. Ukweni wakaanza kuchunguza ukoo wetu kama una watu wa hivyo, hawakupata hata mmoja, wakachukia zaidi. Hayo yana uzi wake, siku nyingine.

Matibabu yenyewe yalikwenda vizuri, sina la kulalamika. Kila wiki plasta mpya, kila wiki mguu umesogea nje kidogo. Mwisho sindano ya ganzi, kisu kidogo, mshipa wa kisigino ukakatwa, plasta ya mwisho ikakaa wiki tatu ili mshipa uunge ukiwa mrefu. Ilipofunguliwa, mtoto alikuwa na mguu mzuri kuliko wangu mimi. Nililia pale kliniki kama nimefiwa.

Halafu wakanipa viatu. Unavijua: vya ngozi, vidole nje, vimefungwa kwenye chuma chenye upana wa mabega ya mtoto, nyayo zimetazama nje. Ile miezi mitatu ya kwanza ilinitoa jasho. Mgongoni hawezi kukaa, chuma kitapita wapi? Kwa hiyo mikononi, kutwa. Kwenye daladala chuma kinagonga goti la mtu, anageuka, anaangalia, kisha anaanza mahojiano. Konda mmoja alinitaka nilipie siti ya chuma. Nilimjibu chuma ni mwanafunzi.

Tukafika hapo ulipo wewe. Usiku tu. Na hapo ndipo nilipoharibu.

Mtoto ameanza kusimama kwa kushika kochi, mchana yuko huru, usiku ukimvalisha anapiga kelele mpaka jirani anagonga ukuta. Karibu na kwangu kulikuwa na jamaa wa duka la dawa, anavaa koti jeupe, mtaa mzima tunamwita daktari. Nikampelekea mtoto kwa ajili ya kikohozi. Akaushika mguu, akauzungusha, akasema: "Mama, huu mguu umepona. Chuma kinadhoofisha misuli, mtoto atachelewa kutembea. Vua." Kwa sauti ileile ya kuniambia dawa ya kikohozi ni kutwa mara tatu.

Nikavua. Usiku ule tulilala wote, baba, mama na mtoto, nikaona nimechelewa sana kumsikiliza huyu mtu. Mama mkwe akapika pilau. Sitanii, pilau!

Ngoja nitoe ya moyoni. Huyu bwana hakuwahi kufunga plasta hata moja ya mguu kifundo maishani mwake. Njia hii ya plasta na viatu imetokana na Dokta Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi miaka na miaka Iowa, Marekani, mpaka siku aliyozaliwa, tarehe 3 Juni, ndiyo imefanywa siku ya mguu kifundo duniani. Mzee yule alitumia maisha yake kwenye nyayo za watoto na bado alisema viatu vivaliwe mpaka mtoto afike miaka minne hivi. Daktari wetu wa Panadol akaushika mguu nusu dakika, akamfuta Ponseti. Na hakunitoza hata shilingi, ndiyo maana nilimwamini! Ushauri wa kliniki niliulipia nauli nikauona mzigo, wa bure nikaukumbatia.

Kinachotudanganya akina mama ni macho. Unauona mguu umenyooka, unatembea, unadhani kazi imekwisha. Plasta ndiyo iliyonyoosha. Viatu havinyooshi chochote, vinashikilia. Mguu ule ni mkeka uliokaa umekunjwa muda mrefu: utandike bila kuukandamizia kitu, ukigeuka umeshajikunja. Na mtoto anakua haraka sana miaka hii ya mwanzo, kwa hiyo ile nguvu iliyoupinda tumboni bado ipo na inafanya kazi kila siku. Inakuja kutulia akiwa na miaka minne, mitano. Kabla ya hapo, mama anayeacha viatu anacheza kamari kwa mguu wa mtu mwingine.

Kwangu haukurudi siku moja. Ungerudi siku moja ningeshtuka. Alitembea, alicheza ngoma kwenye kitchen party ya wifi yangu, watu wakamtunza. Mwaka na kitu. Siku moja nasugua ndala zake uani, naona ya kushoto imelika sawasawa, ya kulia imelika ukingo wa nje tu, upande wa kidole kidogo, mpaka ukiinua unaona mwanga. Nikampelekea tena yule bwana (ndiyo, nilirudi kwake, mnicheke). Akasema ni mwendo wake tu, akikua utaisha. Nikarudi nyumbani nimeridhika. Baada ya muda kisigino kikawa hakigusi chini vizuri akichuchumaa, na akikimbia mguu unaingia ndani, anajikwaa kwenye mguu wake mwenyewe.

Kliniki, dada wa mazoezi ya viungo aliushika mguu, akajaribu kuupandisha juu, kisigino kikagoma. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Viatu viko wapi?" Nikasema vilimbana. "Na chuma?" Dada yangu, chuma kilikuwa jikoni kwangu kinashikilia dirisha lisijifunge. Nilimwambia kimepotea.

Tukaanza plasta upya, mtoto ana karibu miaka mitatu. Wewe umefungiwa mtoto mchanga, hujui neema uliyopewa. Huyu anajua kukimbia, anajua kubishana. Plasta ya kwanza aliiloweka kwenye beseni la nguo nikiwa nimegeuka kidogo, ikawa uji, kesho yake tena kliniki na nauli nyingine. Wiki iliyofuata alipoona ndoo ya maji na zile bendeji akamwambia yule dada, "Mfunge mama." Wenzangu kwenye benchi walicheka. Mimi nilichekea kwenye kanga.

Hata hivyo plasta peke yake haikutosha. Alipofika miaka minne wakamfanyia upasuaji, ule mshipa uliokuwa unauvuta mguu kuingia ndani wakauhamishia upande wa nje. Plasta tena, wiki sita. Mtoto wa miaka minne hatembei, namnyanyua chooni, namnyanyua kitandani, mgongo ukaniambia nao unataka plasta. Genge langu lilikufa hapo. Unafungaje na kufungua genge mara leo yupo, kesho hayupo? Wateja wakahamia kwa mama wa jirani, na mtaji ukaishia kwenye bajaji. Baba yake alipouliza ilikuwaje nikamwambia ni ugonjwa umerudi. Umerudi wenyewe, eti! Mpaka leo anajua hivyo, labda awe yumo humu jukwaani, na kama umo baba nanihii, tutaongea jioni.

Kwa hiyo nikisema usivue, najua bei yake.

Sasa huo usiku. Mtoto anayelia kwenye viatu, mara nyingi ama kisigino hakijakaa chini, ama amejifunza kwamba akilia sana mama anavua. La kwanza liangalie leo leo. Kunja goti lake, sukuma kisigino kishuke mpaka kiguse soli, mkanda wa katikati ndio ufunge wa kwanza na ukaze, kamba baadaye. Kama viatu vyako ni hivi vinavyotengenezwa huku kwetu, nyuma vina tundu: chungulia, kisigino lazima ukione kimejaa pale. Ukivuta mguu taratibu na vidole vikarudi nyuma, hujafunga vizuri, anza upya. Kiatu kilicholegea ndicho kinachochubua. Akina mama tunalegeza kwa huruma, mguu unapwaya, unasuguka, malengelenge, halafu tunalaumu chuma. Soksi ya pamba nzito, isiwe na mshono mnene vidoleni. Pakiwa pekundu usipake mafuta wala losheni, ngozi inalainika na kuchubuka zaidi. Kidonda cha kweli peleka kliniki, usikitibu kwa kuvua wiki nzima.

La pili ni wewe kukaza shingo tu. Mimi awamu ya pili nilikuwa nimeshakuwa askari. Kila siku saa ileile: anaoga, anakula, viatu, kanga ya bibi, kitanda. Chuma nilikizungushia kitambaa cha zamani, kikaacha kumgonga yeye na kutupasua sisi miguu usiku. Na kabla ya kulala nilikuwa nashika chuma katikati, nakunja na kunyoosha miguu yote pamoja huku naimba, kwa sababu kinachowakasirisha ni kutaka kurusha mguu mmoja mmoja na chuma hakikubali. Akishajua inaenda yote miwili, anatulia. Usiku wa kwanza utalia wewe na yeye. Usimvue katikati ya kilio, ukifanya hivyo umemfundisha bei. Angalia kisigino, angalia soksi, angalia nepi, kisha mbembeleze akiwa ndani ya viatu vyake.

Jirani yako nimemsahau. Muulize amefuatilia watoto wangapi wa mguu kifundo mpaka wakafika darasa la kwanza. Akijikuna kichwa, mkaribishe chai na maongezi yawe ya mpira.

Mama mkwe ni kesi nyingine, yule ana huruma ya kweli. Usibishane naye, nenda naye kliniki. Wangu alipokaa kwenye benchi akaona mtoto wa miaka mitano anafungwa plasta upya kwa kilio, alirudi nyumbani akawa mkali kuliko mimi. Ikifika saa mbili usiku anapita na viatu mkononi anamtafuta mjukuu.

Kuhusu fundi: usijaribu. Najua vinaonekana rahisi, ngozi na chuma, na kweli mtindo huu ulibuniwa na Mholanzi Steenbeek akiwa hapo Uganda ili vishonwe kwa vitu vinavyopatikana huku. Lakini vinashonwa na mafundi waliofundishwa. Pembe ya unyayo kutazama nje ina kipimo chake, upana wa chuma una kipimo chake. Fundi wa mtaani atakushonea kiatu kizuri sana, na kitamwelekeza mtoto popote. Kama vidole vimeanza kujikunja kwenye ukingo wa mbele, saizi imepita, nenda ulikofungiwa plasta wakubadilishie kabla ya tarehe yao. Kwa Dar, hospitali ya CCBRT pale Msasani hii ni kazi yao ya kila siku. Hali ikiwa ngumu sema pale pale dirishani kwamba hali ni ngumu. Mimi nilikaa kimya kwa aibu, kumbe mwenzangu benchi moja alisema akasaidiwa. Jozi ya zamani usiitupe, irudishe, kuna mtoto atavaa.

Mwanangu sasa anacheza beki wa kulia shuleni, mguu uleule. Msuli wa nyuma ni mwembamba kidogo na kiatu cha upande ule kinahitaji soksi mbili, hilo hubaki hata ukifuata kila kitu, lisikutishe.

Naona nimeandika gazeti na unga umeshakauka juu. Kesho beba hivyo viatu uende navyo kliniki, mvalishe mbele yao kama unavyomvalisha nyumbani, wakuone unavyofunga. Leo usiku vaa roho ya kiaskari. Na akilia, nitumie ujumbe hata saa nane, mimi huwa macho nakandia chapati za asubuhi.