Msikilize Mpiga Besi Kwanza

Wengi wanaoanza kujifunza dansi la watu wawili huja wakitaka wafundishwe namna ya kumzungusha mwenzao, nami nilikuwa mmoja wao. Katika arusi moja hapa Mtwara, maeneo ya Shangani, nilicheza rumba na dada mmoja aliyenizidi umri, nikawa namgeuza kwa madaha huku nikifuata sauti ya mwimbaji, kumbe mwimbaji yule alikuwa akiuchelewesha mstari makusudi na kuukimbiza tena apendavyo. Dada yule alinivumilia kwa muda, kisha akaubana mkono wangu na kuniambia, "Mdogo wangu, hebu tulia, msikilize mpiga besi." Tukabaki pale pale tukihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, na wimbo ule ule ulioniyumbisha ukaanza kunibeba.

Katika rumba, hesabu ya mapigo manne hubebwa na besi pamoja na tumba, ilhali sauti na gitaa la solo hupita juu yake kwa uhuru. Midundo yake ilivuka bahari na watumwa hadi Kuba, ikarejea Afrika kwa santuri tangu miaka ya 1930, na ndiyo maana katika nyimbo nyingi, ukitega sikio kwenye vijiti, utasikia milio mitano inayojirudia: mitatu, kisha miwili. Usijaribu kuikanyaga yote mitano; itakutosha kujua inapoanzia.

Aliyekulia karibu na sindimba, ngoma ya Wamakonde, ana faida asiyoitambua, kwa sababu sikio lake limekwisha kuzoea kuzitenganisha ngoma ndogo zinazopigwa kwa fimbo nyembamba na ile inayompa mchezaji ishara. Asiye na bahati hiyo auchague wimbo mmoja tu na kuusikiliza mara nyingi akiwa ameketi: mara ya kwanza afuate besi peke yake, kisha tumba, kisha gitaa la rithimu, na baadaye atembee nao uani bila mtindo wowote. Zoezi hili linachosha, na wengi hulikimbia.

Jambo linaloumbua zaidi ni chemko, ile sehemu ya pili ya wimbo yenye kasi zaidi ambayo Wakongo huiita sebene. Haiji bila hodi: mara nyingi waimbaji hunyamaza, mpiga dramu huzungusha mapigo, na solo huanza kurudiarudia kipande kifupi. Ukizisikia dalili hizo, fupisha hatua na ulegeze mikono, ili mwenzako apate nafasi ya kubadili mwendo pamoja nawe badala ya kuburutwa.

Naye mwenzako anasikiliza vilevile, pengine kukuzidi. Hesabu ikikupotea, usiinamie miguu yako wala usiongeze mbwembwe. Simama palepale, yumba taratibu, uisake besi. Atahisi kupitia mkono wako kwamba unatafuta, na mara nyingi yeye ndiye atakayekurudisha kwenye moja, pigo la kwanza la hesabu.