Wasomaji Wanauliza: Kishada Kikubwa katika Upepo wa Kivu

SWALI: Ndugu Mshauri, kijana wangu wa miaka 17 ameletewa na mjomba wake anayeishi Ubelgiji kishada cha kutelezea majini kilichokwisha kutumika, cha mita za mraba 12, pamoja na ubao wake. Mwalimu hatujampata, kwa hiyo anajifunza kwa kutazama video. Jumamosi iliyopita alikirusha ufukweni hapa Himbi, saa za mchana, upepo ukitoka ziwani. Kwa muda kilitulia juu ya kichwa chake, kisha upepo ukaongezeka ghafla, ukamnyanyua na kumburuta juu ya mawe hadi karibu na ukuta wa jirani. Alichubuka magoti na viganja, na hata sasa anasema kosa lake lilikuwa kutokushikilia kwa nguvu ya kutosha. Je, nimkataze kabisa, au ipo namna ya kujifunza kukitawala kishada katika upepo wetu huu usiotulia?
Baba wa Himbi, Goma

JIBU: Baba, poleni nyote wawili. Sikushauri umkataze, ila kishada hicho kikunjwe na kuwekwa ndani kwa sasa, na hiyo kauli ya kijana isahihishwe kabla ya jambo lingine lolote. Hakushikilia kwa nguvu kidogo; alishikilia kwa nguvu nyingi mno, na ndiyo maana akaburutwa.

Kishada cha aina hiyo huongozwa kwa fimbo fupi iliyofungwa kwenye kamba nne au tano, ambazo urefu wake kwa kawaida ni mita 20 hadi 24 hivi. Mvuto mkubwa hubebwa na mkanda wa kiunoni, na mikono kazi yake ni kuongoza. Fimbo ikivutwa kuelekea mwilini, kamba za nyuma hukaza, kishada huupokea upepo kwa uso mpana na nguvu huongezeka. Ikisogezwa mbali au ikiachwa kabisa, kamba za nyuma hulegea, kishada huuelekezea upepo ukingo wake, na sehemu kubwa ya nguvu hutoweka. Taabu ni kwamba mtu aliyeshtuka hufanya kinyume cha hayo: hukunja mikono, huivuta fimbo kifuani kana kwamba ni mti wa kujishikiza, na hivyo huongeza nguvu ile ile inayomtisha. Kuachia fimbo ndilo somo la kwanza, na linafaa kurudiwa hadi mikono iifanye kazi hiyo yenyewe, kwa sababu mvumo wa ghafla hautoi nafasi ya kufikiri.

Nguvu ya upepo haikui sambamba na mwendo wake, bali hukua kwa mraba wa mwendo huo. Upepo ukipanda kutoka kilomita 20 kwa saa hadi 30, mvuto huzidi mara mbili. Ukifika 40, mvuto huwa mara nne ya ule wa mwanzo. Kijana atakuwa amesikia pia kwamba huku kwetu, ziwa likiwa kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi, hewa ni nyepesi na kwa hiyo mtu anaweza kutumia kishada kikubwa kuliko wanachotumia watu wa baharini. Ni kweli hewa yetu ni nyepesi kwa asilimia 13 hadi 16 hivi, lakini katika upepo wa kilomita 25 kwa saa, nyongeza ya kilomita mbili hivi tu inatosha kuufuta upungufu huo wote. Kwa mtu wa kilo 60, mita za mraba 12 ni za upepo mwepesi na ulio sawasawa, na upepo wa namna hiyo hauvumi mara nyingi mbele ya kuta za Himbi.

Kosa la pili ni mahali alipokiweka kishada. Wengi hudhani kwamba juu ya kichwa ndipo penye usalama, kwa kuwa hapo hakivuti mbele. Lakini hapo mvuto wake huelekea juu, na mvumo wa ghafla ukikipata hapo humwinua mtu kutoka ardhini. Aliye nchi kavu katika upepo wenye mivumo hukishusha kishada pembeni, karibu na ukingo wa eneo la upepo, yaani ile nafasi ya hewa ambamo kishada kinaweza kuruka, na upande wa maji, ili kikivuta kimburute tu badala ya kumrusha. Baada ya kukipokea kutoka kwa msaidizi, mtu hakai ufukweni kusalimiana na watazamaji. Huingia majini mara moja na kusogea mbali na mawe.

Ufuko wenyewe sasa, na hapa nitasema wazi hata kama kijana hatapenda. Mbele ya Goma, upepo wa mchana kwa kawaida hutoka ziwani, kwa sababu nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Maana yake ni kwamba unasukuma moja kwa moja kuelekea mawe ya volkano, ambayo ni makali, na nyuma ya mawe kuna kuta, miti na nyaya za umeme. Usiku hadi asubuhi mapema mambo hugeuka, upepo unashuka kutoka upande wa milima kwenda ziwani, na huo humpeleka mwanafunzi kwenye maji mengi bila njia ya kurudi. Upepo unaomfaa anayeanza ni ule unaovuma sambamba na ufuko au ukielekea nchi kavu kwa mshazari, penye nafasi tupu ya mita 50 au zaidi upande unakokwenda upepo. Tena ukuta au nyumba hauharibu upepo pale ulipo tu: upande wa nyuma yake hewa hubaki ikizunguka kwa umbali wa mara saba hadi kumi ya kimo chake, na mara nyingine zaidi. Hoteli yenye kimo cha mita 10 inaweza kuvuruga upepo kwa mita 100. Kwa maoni yangu, ufuko wa Himbi si mahali pa kuanzia.

Aanzie uwanjani, kwa kishada kidogo cha mita za mraba mbili au tatu. Wanaosukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, hawaanzi kuiteremsha ikiwa imebeba magunia ya makaa. Huizoea kwanza ikiwa tupu. Atafute uwanja wa mpira ulio mbali na nyaya za umeme na mbali na uwanja wa ndege, na asichague bondeni. Ninyi wa Goma mnayajua mazuku vizuri kuliko mimi, hewa ile nzito ya kaboni dioksidi inayoweza kuua, inayojikusanya katika mashimo na mabonde upepo unapotulia. Mtu anayeinama kukunja kamba zake jioni hana sababu ya kufanya hivyo mahali pa namna hiyo.

Mazoezi yenyewe hayana mvuto machoni pa kijana, lakini ndiyo yanayojenga mkono. Akipeleke kishada polepole kutoka ukingo wa kushoto hadi wa kulia, akikipitisha juu, bila kukikatisha katikati ambako nguvu ni kubwa. Akisimamishe kwenye kila kimo kwa dakika kadhaa. Baadaye akiongoze kwa mkono mmoja, kisha akiwa anatembea, kisha akiwa anazungumza na mtu bila kukitazama. Siku ya mivumo atagundua mambo mawili ambayo upepo tulivu haufundishi. Mvumo unapofika, kishada hukimbilia mbele kuelekea ukingo, na mvumo ukikatika ghafla hubaki pale juu bila hewa, kamba zikalegea, kikaanguka. Hapo dawa ni kurudi nyuma hatua chache haraka ili kamba zikaze tena. Na upepo unapopungua, anayeendelea kuvuta fimbo hukifanya kishada kikwame na kuanza kurudi nyuma. Hapo dawa ni kulegeza, si kuvuta zaidi. Jambo moja asilifanye kamwe, hata kwa kishada kidogo: kuzungusha kamba mkononi au kuidaka ikiwa na mvuto, kwa maana kamba nyembamba iliyokazwa hukata vidole.

Kabla ya kukitoa tena kile kikubwa, muulize mjomba kilitengenezwa mwaka gani. Vishada vya kujazwa hewa vinatokana na ubunifu wa ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, walioomba hataza mwaka 1984, lakini kwa miaka mingi vile vya umbo la upinde mkali havikuweza kupunguziwa nguvu vya kutosha. Aina zilizoingia sokoni kuanzia mwaka 2005 ndizo zilizowezesha nguvu kuondoka karibu yote kwa kusogeza fimbo. Kama chenu ni cha kabla ya hapo, kisitumike katika upepo wetu. Nacho kikiwa kipya, bado kifungulio cha dharura, kile kinachovutwa ili kishada kipoteze nguvu, kijaribiwe nchi kavu kikiwa na mvuto kabla ya kila safari. Mwaka 2020 kilitolewa kiwango cha kimataifa cha vifungulio hivyo, ISO 21853, na ni vema kutafuta fimbo inayotimiza kiwango hicho.

SWALI: Nimeambiwa kwamba katika hatari mtu avute kifungulio. Lakini nikikivuta, si kishada kitapotea ziwani, na mimi nibaki katikati ya maji?
Msomaji wa Nguba, Bukavu

JIBU: Kuna ngazi tatu, na zinafuatana. Ya kwanza ni kuachia fimbo. Hiyo isipotosha, vuta kifungulio: kishada kitabaki kimefungwa kwako kwa kamba moja ya usalama, kitalala juu ya maji kikipepea, na hakitakuwa na mvuto wa kutisha. Ya tatu, kujitenga nacho kabisa, ni kwa ajili ya hali ambayo kamba zimekunasa au kishada kinaendelea kukuvuta kuelekea mawe, na hapo kiache kiende bila kukionea huruma. Wengi huchelewa ngazi ya pili kwa kuhesabu gharama ya kishada.

Ukishafungua, zungushia fimbo ile kamba moja kwanza hadi mvuto uwe umekwisha, kisha nyingine zote, huku ukikisogelea kishada. Kwa kuwa mirija yake ina hewa, kitaelea na kukubeba, na ukishika ncha zake mbili kitakuvuta taratibu kama tanga kuelekea unakokwenda upepo. Zoezi hili lifanyike kwanza karibu na ufuko, ukiwa na jaketi la kuokolea maisha na kofia ngumu, mtumbwi wenye mota ukiwa umekodiwa na mwenye mtumbwi akiwa anakutazama, si anavua. Huko Bukavu, kwa sababu ya rasi na ghuba zenu, upepo unaweza kukatika kabisa nyuma ya rasi moja na kukupiga kwa nguvu unapoitoka, kwa hiyo usihukumu ziwa kwa kuangalia maji yaliyo mbele ya nyumba.

SWALI: Nitajuaje kwamba dhoruba inakuja, ilhali mvua zetu hushuka ghafla?
Mwanafunzi, Kyeshero, Goma

JIBU: Wingu kubwa la mvua linapoanza kumwaga, hewa baridi hushuka pamoja na maji na kutawanyika pande zote, ikitangulia mvua yenyewe kwa kilomita kadhaa. Ndiyo maana upepo hatari hukufikia ukiwa bado mkavu. Dalili zake ni wingu jeusi lenye chini iliyonyooka kama meza juu ya milima ya Masisi au juu ya kisiwa cha Idjwi, upepo wa kawaida kufa au kubadili upande, ubaridi wa ghafla usoni, na mstari mweusi wa mawimbi madogo unaokimbia juu ya maji. Ukisubiri ubaridi huo ndipo ukishushe kishada, umechelewa. Ukisikia ngurumo hata ya mbali, kishada kiwe chini na hewa imetolewa. Katika miezi ya mvua kirushe asubuhi au usikirushe. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusini una nguvu lakini dhoruba ni chache, na kwa anayejifunza mimi ningengoja miezi hiyo. Waulize pia wavuvi wa sambaza kabla ya kuingia, na wakivuta mitumbwi yao nje, kunja kamba zako.