Namba 100, na zote bubu

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, tumenunua namba 20 za DID, kila mfanyakazi na yake, lakini ipigwe yoyote inaita mapokezi. Nimefuta na kuandika upya mara tatu." Nilicheka. Kisha kicheko kikakatika, maana nilikumbuka Jumatatu yangu.

Kwa asiyejua, namba ya DID humfikisha mpigaji moja kwa moja kwenye simu ya mhusika bila kupitia mapokezi. Mtoa huduma anakupa fungu la namba, zote zinapita kwenye tranki moja (kiungo kati ya mtambo wako wa simu na mtoa huduma), na kila simu inafika na tarakimu alizopiga mteja. Mtambo wako unazisoma, unaamua iite wapi. Basi.

Mimi nilikabidhiwa namba 100. Asterisk, programu inayoendesha mtambo wa simu, niliisimika mwenyewe, na nilijivuna kwa hilo, sifichi. Ijumaa jioni nikaandika kila namba kama ilivyo kwenye kadi za biashara, ikianza na sifuri. Chini kabisa nikatega mstari wa _X. ili unase yoyote itakayoponyoka. Nikapiga kutoka ekstensheni (simu ya ndani ya ofisi) hii kwenda ile, zikaita. Nikaenda kulala.

Jumatatu haikuingia simu hata moja. Wateja waliambiwa namba haipo. Bosi alisimama nyuma ya kiti changu na simu yake ya mkononi, anapiga namba yake mwenyewe, ananisogezea sikioni nisikie. Nikazima ukuta wa moto, nikawasha seva upya mara nne, nikampigia mtoa huduma nikamfokea (samahani yake nadaiwa hadi leo). Mchana akaitwa fundi wa nje. Hakugusa mpangilio wowote. Aliandika pjsip set logger on, amri ya kuonyesha ujumbe unaoingia na kutoka, akapiga simu moja, akasoma mstari wa kwanza wa INVITE (ujumbe unaoomba simu iunganishwe), akaniuliza kwa upole: "Hii alama ya kujumlisha uliiona?"

Sikuiona. Namba zilikuja kwa mtindo wa E.164, yaani alama ya kujumlisha, msimbo wa nchi, halafu namba bila ile sifuri ya mwanzo. Na mtego wangu je? X inakubali tarakimu yoyote kuanzia 0 hadi 9, na alama ya kujumlisha si tarakimu. Asterisk ilikosa pa kuipeleka simu, ikarudisha 404, yaani haipatikani. Fundi alimaliza kabla chai yake haijapoa. Bosi akampa mkono, mimi nikapitwa kama kiti. Miaka imepita, na hilo la kiti bado linaniuma kuliko kosa lenyewe.

Kwa hiyo, kaka, acha kufuta na kuandika. Tazama kwanza kinachoingia. Ninavyohisi, mtoa huduma wako anaweka jina la akaunti yenu kwenye mstari wa kwanza wa INVITE, na namba iliyopigwa inakaa chini yake, kwenye To, mstari unaotaja anayepigiwa. Mtambo ukisoma mstari wa kwanza tu, namba zote 20 kwake ni moja, ndiyo maana zote zinaangukia mapokezi. Uelekeze usome To, au mwombe mtoa huduma abadilishe anavyotuma. Lakini tazama kwanza.

Na ujaribu kutoka nje, kwa simu ya mkononi. Ekstensheni kwa ekstensheni haipiti kwenye tranki, haikuambii lolote. Jambo jingine: waeleze wakubwa mapema kwamba wingi wa namba si wingi wa njia, yaani simu zinazoweza kupita kwa wakati mmoja. Ukiwa na namba 100 na njia 10, mpigaji wa 11 atakuta laini ina shughuli, na utalaumiwa wewe.

Mafundi tuna ugonjwa wa kuona aibu kutazama. Tunataka tuonekane tunajua, vidole vinakimbia kabla ya macho, halafu tunamtupia lawama mtoa huduma ambaye tangu asubuhi alikuwa anatutumia namba sahihi kabisa. Tuache! Tazama kwanza, hata mara ya mia.

Ukishaunasa huo mstari wa INVITE nitumie niuone. Futa namba za wateja kabla hujautuma.